Ndiyo ya Waithera

Kila asubuhi, kabla ya mapumziko ya uji, Gredi ya Sita katika shule moja ya Kamere walikuwa na somo la Kiingereza, nalo lilikwisha kwa namna ileile. Mwalimu Kamande aliweka chaki mezani akauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima likaitika, "Ndiyo, mwalimu!" Sauti ya Waithera ndiyo iliyotangulia zote.

Wiki hiyo walisoma kitenzi "take", na Waithera kilimfika shingoni. Ukichukua kitabu mezani ni "take", sawa. Lakini ukimeza dawa ni "take", na ukifanya mtihani ni "take"! Ndege ikipaa ni "take off", na shati likivuliwa ni "take off" vilevile. Lugha gani hii yenye ubahili wa maneno? Hata hivyo, Mwalimu alipouliza, Waithera aliitikia kwa nguvu kuliko jana.

Kibii peke yake aliinua mkono. "Mwalimu, mimi sijaelewa."

"Aaah!" darasa likaguna.

"Kibii, aki wewe!" Waithera akamnong'oneza kwa hasira. "Uji inaisha! Si useme tu ndiyo twende?"

Mwalimu alimweleza Kibii tena, kisha akamgeukia Waithera. "Kwa kuwa wewe umeelewa sana, kesho utawafundisha Gredi ya Nne. Mwalimu wao anaumwa. Ukifanya vizuri, utakuwa mwenyekiti wa kilabu cha Kiingereza."

Waithera alikuwa akiitamani nafasi hiyo tangu muhula uanze. Jioni alikariri mifano yote huku akizungukazunguka jikoni. Mama yake, aliyekuwa ametoka kazini kwenye shamba la maua, alimsikiliza hadi akachoka.

"Na hiyo 'take after' ni nini?"

"Mama, usinikatize! Nitasahau."

"Kama hujui, si umuulize mwalimu?"

"Aai, Mama! Nichekwe na darasa lote?"

Kesho yake, Ijumaa, alisimama mbele ya Gredi ya Nne, Mwalimu Kamande akiwa nyuma anasahihisha madaftari. Waithera alijaza ubao mifano, akaisoma mbio mbio. Msichana mmoja wa dawati la mbele, Najwa, akainua mkono.

"Dada Waithera, kama 'take' ni kuchukua, ndege iki-take off inachukua nini?"

Waithera aligonga ubao kwa chaki. "Ndivyo ilivyo tu! Najwa, unatuchelewesha bure. Haya, tumeelewana?"

"Ndiyooo!" walipaza sauti, macho yote yakiwa dirishani, uji ulikokuwa ukipakuliwa.

Waithera aliijua ndiyo hiyo. Ilikuwa yake mwenyewe, na kumbe ilikuwa inaudhi hivi! Aliona haya hadi masikio yakamwaka moto.

"Hamjaelewa," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Na mimi pia sijaelewa, Mwalimu. Hata siku moja sikuelewa."

Mwalimu Kamande aliinuka akaja mbele. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Afadhali umejiumbua mwenyewe mapema. Najwa, mama akikuambia upige deki, unachukua fimbo uichape sakafu?"

Darasa likaangua kicheko. "Hapana, Mwalimu! Naosha."

"Na kupiga pasi? Na kupiga mswaki? Basi 'piga' tunalitambua kwa neno linaloandamana nalo. 'Take' nalo ni vivyo hivyo. Likifuatwa na dawa, ni kumeza. Ndege iki-take off, inapaa. Usiitafute maana ya kuchukua kila mahali."

Waithera alishusha pumzi. Kumbe ni hivyo tu, naye amejitesa wiki nzima!

"Mwalimu, na ile nafasi ya kilabu?"

"Nitampa Kibii. Ninataka mwenyekiti anayeuliza."

Hilo lilimchoma Waithera, machozi yakamlengalenga. Lakini hakutoka. Alijibana kwenye dawati dogo kando ya Najwa, akasema, "Basi nieleze 'take after', Mwalimu."

"Ni kufanana na mzazi wako," Mwalimu alisema. "Waithera, na nyinyi nyote, nisikilizeni. Kusema 'sijaelewa' huleta aibu ya dakika moja. Ukidanganya kwamba umeelewa, utaishi na ujinga wako miaka mingi, na hakuna atakayekusaidia, kwa sababu umetuambia sote kwamba huhitaji msaada."