Bibi Aliyepiga Simu Funua Kombe

“Wivu mimi siujui, mpenzi. Nausikia tu kwa majirani.”

Nilisema hivyo nimeegemea mlango wa chumba cha vipodozi, mikono mfukoni, kama mtu mwenye nyumba mbili. Poda alikuwa anapanga brashi zake. Jina hilo nimempa mimi, maana ndiye anayewapaka poda wageni wote wa kipindi chetu cha televisheni, Funua Kombe. Kama hukijui, una bahati. Ni kile cha wake wenza kuvuana wigi kwenye kochi jekundu huku mtangazaji, Shangazi, akiuliza, “Na ulijisikiaje?”

Kazi yangu ni kukalisha watazamaji ukumbini na kuanzisha makofi. Ndiyo maana naitwa Makofi. Na simu za watazamaji wa nyumbani zikikauka, mtayarishaji hunituma stoo ya mavazi nipige mimi. Nina sauti nne: dereva, mjomba mwenye hasira, mwalimu wa zamu na mlevi.

“Umeapa huna wivu?” Poda akauliza.

“Nimeapa.”

“Basi siku ukikubana, njoo uniambie usoni. Nitakucheka, yataisha. Ila ukinifanyia vituko halafu ukanidanganya, Jumamosi kwetu usije.”

Jumamosi ndiyo nilikuwa niende kujitambulisha kwa baba yake, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kuangalia kipindi chetu hata dakika moja, na anajivunia hilo kuliko vyeti vyake.

Sasa, uchaguzi ulikuwa umekaribia, na mtayarishaji alikuwa amegundua kwamba wanasiasa wanagombana vizuri kuliko wake wenza. Siku hiyo kochi lilikuwa la wawili: mgombea, tuliyembatiza Mheshimiwa Mtarajiwa, na Mshairi, yule ambaye vitabu vyake vinasomwa mashuleni, aliyekuja kulalamika kwamba utamaduni unakufa. Wigi ya wiki iliyopita bado ilikuwa chini ya kochi.

“Leo simu za kweli tu,” mtayarishaji akatuonya. “Mgombea ana wanasheria. Makofi, ukipiga, huna kazi.”

“Bosi, mimi tena?”

Mheshimiwa alipakwa poda kwa dakika tano. Mshairi, ishirini na mbili. Sikuhesabu mimi, ilihesabu saa ya ukutani. Mzee ana mvi zimekaa mahali pake, na sauti ya kubembeleza mtoto alale. Nilipopita mlangoni mara ya sita, Poda alikuwa anacheka ameziba mdomo, na Mshairi anaandika kitu kwenye tishu. Akampa. Poda akaisoma, akaikunja polepole, akaitia kifuani ndani ya aproni.

Miaka miwili nimemtumia jumbe za mapenzi. Hakuna hata mmoja uliopata nafasi hiyo.

Nikamwandikia: “Uko poa?”

Akajibu: “Niko kazini. Nina kitu cha kukuambia baadaye.”

Kitu cha kukuambia. Watu wengi wameachwa kwa maneno hayo hayo.

Wivu siujui, nimeshasema. Ni miguu tu ilinipeleka stoo ya mavazi. Nikafunga mlango, nikatoa simu yangu ndogo ya akiba, ambayo hata Poda haijui, nikajifunga skafu mdomoni. Ikatoka sauti ya tano, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

“Tunaye bibi kwenye simu,” Shangazi akatangaza. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Swali langu kwa mjukuu wangu Mshairi. Unasema utamaduni unakufa. Hiyo tishu uliyomwandikia binti wa poda, naye akaificha kifuani, ni utamaduni gani?”

Ukumbi ukalipuka. Makofi yalianza bila mimi.

“Mnaona, ndugu wananchi?” Mheshimiwa akadakia. “Wasomi wenu hao. Nikichaguliwa, tishu zote zitakaguliwa.”

“Binti wa poda aje hapa,” Shangazi akasema. “Na tishu yake.”

Nikamwona Poda kwenye televisheni ndogo ya stoo, anaingizwa na aproni yake, brashi bado mkononi.

“Na ulijisikiaje?” Shangazi akamuuliza.

Poda akaibana aproni yake kifuani. Mshairi akamgeukia taratibu. “Utaniruhusu niseme, binti?”

Akatikisa kichwa kukubali.

“Binti huyu anampeleka mchumba kwao Jumamosi. Baba yake hakipendi kipindi hiki. Akaniomba sentensi moja ya heshima ya kuelezea kazi ya huyo kijana. Isome, binti.”

Poda akaikunjua. “‘Baba,’” akasoma, “‘mwenzangu ni msanii wa sauti.’”

Mheshimiwa akainuka kupungia watu, akidhani kasifiwa yeye.

Mimi nilikaa juu ya kikapu cha mavazi, skafu bado mdomoni. Nikatoka pale mbio kabla kipindi hakijaisha.

Poda alinikuta kwenye korido. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye poda yake. Akaninyooshea simu yake.

“Baba kaniandikia. Soma.”

Nikasoma: “Nimewasha kwa ajili ya Mshairi, nikakuona wewe. Huyo msanii wa sauti aje Jumamosi, nimsikie.”

“Si umeona?” nikasema. “Mambo yamenyooka.”

“Makofi, kamera hazifiki chumba cha vipodozi. Yule bibi yuko nyumbani kwake. Tishu kaiona wapi?”

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi hapo. Ningesema ukweli, angenicheka, yangeisha. Aliniahidi hivyo.

“Labda ana mjukuu wake anafanya kazi hapa,” nikasema.

“Wewe ulikuwa wapi?”

“Ukumbini. Makofi yale nani kayaanzisha?”

“Niangalie machoni. Ni wewe uliyepiga?”

“Haki ya Mungu, siyo mimi.”

Akaniangalia jicho la kulia, akaniangalia la kushoto. Kisha pumzi zikamtoka, akalaza kichwa begani kwangu.

“Nakuamini. Nisamehe, nimekushuku bure.”

Nikamkumbatia. Juu ya kichwa chake nikaona mlango wa stoo unafunguka. Akatoka Mama Deki, anayetusafishia jengo, kiatu kimoja mguuni, kingine kwapani, shavu lina alama za mikunjo ya pazia. Kumbe kila mchana hujilaza mle stoo nyuma ya mapazia ya zamani, apumzishe miguu.

Mkononi alikuwa na simu ndogo.

Akatufikia. Akamtazama Poda, akanitazama mimi, ambaye angeweza kunizaa, kisha akakunja goti kwa adabu zote.

“Shikamoo, bibi,” akaniambia. “Umesahau simu yako.”