Mdukuzi Aliyekata Maneno

Sajenti hakuwa na gari. Hakuwa na kimo cha kutisha wahalifu, wala sauti ya kuamrisha, wala suti iliyomkaa vizuri mabegani. Hakuwa na ujuzi wa kompyuta, ingawa alikuwa katika kitengo cha kupambana na wahalifu wa mtandao, ambako alipelekwa kwa sababu alijua kumfuata mtu kwa miguu bila kuonekana. Tena hakuwa na mke, wala mchumba, wala dalili ya kupata hata mmoja.

Asubuhi moja alitumwa hospitali kuu akiwa amevaa kiraia. Mdukuzi alikuwa amezima kompyuta zote, na ukumbi wa mapokezi ulifurika watu waliokuja kupasuliwa na kuambiwa wasubiri. Mdukuzi huyo aliacha pia onyo: safari ijayo angezima mashine za wagonjwa mahututi. Katika msongamano ule Sajenti akamwona mwanamke mwenye gauni la zambarau na raba nyeupe, amechuchumaa nyuma ya kaunta, anachomeka waya ukutani. Akamshika mkono.

"Dada, uko chini ya ulinzi."

Mwanamke alimkagua kuanzia viatuni. "Kaka, wa kukamatwa ni wewe. Nusu saa nzima umesimama kwenye foleni ya wajawazito. Una mimba ya miezi mingapi?"

Kila mmoja akatoa kitambulisho chake kwa hasira. Mwanamke yule alikuwa mtaalamu mpya wa kompyuta, aliyeletwa katika kitengo kilekile. Walitazamana, wakacheka mpaka wajawazito nao wakacheka.

Mapenzi yao hayakukawia. Kitengoni walimwita Mtaalamu; Sajenti alimwita Mpenzi, naye akaitwa Bwana Nukta, kwa sababu ya jinsi alivyoandika. Sajenti alijifunza kuandika vizuri ukubwani, katika masomo ya jioni, na hakuwa tayari kuharibu kitu alichokipata kwa jasho. Ujumbe wake wa simu ulikuwa hivi: "Habari za mchana, mpenzi wangu. Natumaini umekula. Mimi nimekula. Wako, Sajenti."

Mtaalamu alikuwa anampigia papo hapo. "Bwana Nukta, huu ujumbe niupige muhuri?"

"Piga tu. Nakala moja ibaki kwenye faili."

"Mimi nakwambia nimekumiss, wewe unaniletea faili."

Makao makuu walitaka kumhamishia Mtaalamu mji wa mbali, akafungue kitengo kipya. Alikataa. Hakusema sababu, lakini kila mtu ofisini aliiona sababu yenyewe ikipita na suti yake pana.

Kisha, jioni moja, simu ya Mtaalamu ikaleta ujumbe kutoka kwa Sajenti: "nmechoka na ww. ucnitafute tena." Akausoma jikoni, akaketi juu ya ndoo. Akaifungia namba ya Sajenti isimpigie tena, na asubuhi akaandika kwamba uhamisho ameukubali.

Siku mbili Mtaalamu hakuonekana kazini, na Sajenti alipiga simu isiyoita. Siku ya tatu alifika nyumbani kwa Mtaalamu, amepiga pasi shati. Aliyefungua mlango ni dada mkubwa wa Mtaalamu, mwenye kitambaa kichwani na uso wa hakimu.

"Shemeji aliyekufa hafufuki," alisema. "Rudi ulikotoka."

"Dada, nimekuja kujua kosa langu tu."

"Unajifanya hujui? Hebu lete simu, mdogo wangu, tumsomeshe maandishi yake."

Mtaalamu akatokea, macho yamevimba, akamnyooshea simu. Sajenti akausoma ujumbe. Akausoma tena. Alichokasirikia kwanza, nasikitika kusema, hakikuwa kuachwa.

"Mimi niandike 'ww'?" aliuliza. "Mimi? Hata siku nikikuchukia, nitakuchukia kwa maneno kamili."

Dada akaangua kicheko. Mtaalamu hakucheka. Aliinua kichwa kama mtu aliyesikia hatua darini.

"Nipe simu yako," akasema. Aliichomeka kwenye kompyuta yake, akachunguza. "Kuna programu humu. Kila tunachoandika kuna mtu anakisoma, na akitaka anaandika kwa jina lako. Nani ameishika?"

"Hakuna. Ila fundi, yule Miwani wa kibanda kinachotazama ofisi yetu. Kioo kilipasuka, nikamwachia mchana kutwa."

"Nilikuwa nimebakiza kidogo nimfikie mdukuzi," Mtaalamu alisema polepole. "Alitaka niondoke. Na mimi mjinga nimekubali."

"Basi tugombane, naye asome," Sajenti akasema.

Mtaalamu akaifungulia namba ya Sajenti, wakaketi meza moja, simu mkononi, dada akiwa mwamuzi.

"Wewe ni mwanamke mkaidi," Sajenti aliandika. "Tena wali wako huungua."

"Hilo la wali limetoka wapi?"

"Ni mbinu ya kazi, mpenzi."

"Kazi gani inayoijua sufuria yangu?"

Mtaalamu akajibu kwa simu, vidole vinaruka: kompyuta yenye nyayo za mdukuzi hataki hata kuibeba, ameiacha kwa dobi, Sajenti akaichukue kesho mchana, wasionane tena maishani.

Kesho yake asubuhi Mtaalamu alisimama nyuma ya meza ya dobi, amevaa aproni na kilemba. Sajenti alijificha katikati ya makoti yaliyotundikwa. Mlango ukafunguliwa, akaingia Miwani, ananukia marashi.

"Nimetumwa na Sajenti. Kuna kompyuta yake hapa."

"Sajenti yupi, kaka?"

"Yule mfupi aliyeachana na mchumba wake."

"Na wewe uliyajuaje ya mchumba wake?"

Miwani akamtazama vizuri. Mkono ukatoka mfukoni na simu, kidole gumba juu ya kioo. "Nikibonyeza hapa, mashine za mahututi zote zinazimika. Sogea."

Mtaalamu hakusogea, wala hakuthubutu kuangalia makoti. Blanketi zito lililolowa maji likamwangukia Miwani kichwani na mabegani, na Sajenti juu yake. Simu ikaruka. Mtaalamu akaidaka kabla haijagusa sakafu, na kidole chake hakikugusa kioo.

Sauti ikatoka chini ya blanketi. "Afande, mligombana vizuri mno. Mimi nilishaanza kuwaonea huruma."

Hospitali ilipona. Uhamisho haukupona: makao makuu hawakutaka kusikia habari za kubadili mawazo. Kwenye stesheni ya treni Mtaalamu alivaa lile gauni la zambarau. Sajenti alibeba masanduku.

"Nitakupigia," alisema mwishowe.

"Usinipigie. Maneno yetu yameshasomwa vya kutosha. Ukiwa na neno la maana, niandikie kwenye karatasi, nilisome peke yangu."

Treni ikaondoka.

Sajenti alifika nyumbani, akavua koti, akaketi mezani. Karatasi nne alizichana. Ya tano aliiacha:

"Mpenzi wangu. Leo nimeomba uhamisho wa kuja huko. Wakikataa, nitaacha kazi. Naomba unioe, au nikuoe, vyovyote utakavyopenda kusema. Wako, bila programu yoyote katikati."

Akaikunja mara mbili, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa ngumi mpaka ikashika. Akavaa koti tena, akatembea hadi posta, akaitumbukiza.