Pakhala Bila Chumvi

Haya yote ni kweli tupu. Naapa nikiwa nimeshika wali mtakatifu wa hekalu la mungu Jagannath, na hapa kwetu Astaranga, mji wa pwani, hakuna anayethubutu kudanganya akiwa ameushika.

Asubuhi hiyo Kuntala alimwandalia baba mkwe wake, Nabaghana, bakuli la pakhala, wali uliolala kwenye maji, na pilipili mbichi pembeni. Kisha akarudi kwenye kitabu. Mtihani wa historia chuoni ulikuwa kesho yake. Mwaka uliopita alianguka.

"Ukianguka tena, mwanangu, masomo basi," Nabaghana alisema. "Vitabu nampa muuza karanga, afungie karanga zake."

Kuntala aliikodolea macho sentensi moja tu: "Ukiritimba wa kikoloni ulizalisha utegemezi wa kimfumo miongoni mwa wazawa."

Jirani yao Hemalata, mwalimu mstaafu, aliingia kuomba kiberiti.

"Shangazi, hii nimeikariri yote," Kuntala alimwambia. "Lakini sijui inasema nini."

"Kasuku naye hukariri, hapewi shahada. Sentensi ngumu usiimeze nzima. Iulize. Nani alifanya? Alichukua nini? Nani alifaidi? Nani aliumia?"

"Mbona haitaji mtu?"

"Ndiyo maana inakutisha. Haya, tuwatafute hao watu."

Hemalata akanyakua kibakuli cha chumvi mbele ya Nabaghana.

"We mama! Rudisha!"

"Kuanzia leo chumvi nauza mimi peke yangu. Ukitaka, kaka, kanichotee maji ndoo mbili."

"Chumvi yangu mwenyewe? Bahari ile pale, nitachemsha yangu!"

"Chemsha uone. Utakamatwa."

Nabaghana akaonja pakhala. Akakunja uso kama aliyelamba majivu. Akachukua ndoo.

Kuntala alicheka, kisha akakitazama tena kitabu.

"Ngoja, shangazi! Serikali ya Waingereza ilijipa haki ya kuuza chumvi peke yake. Huo ndio ukiritimba. Watu wa pwani hii wakakatazwa kupika chumvi. Wakawa wananunua kitu walichojua kukitengeneza, maana sheria iliwafungia njia. Huo ndio utegemezi wa kimfumo!"

"Nani alifaidi?"

"Serikali, na wenye meli zilizoleta chumvi kutoka Uingereza."

"Nani aliumia?"

"Mimi!" Nabaghana alipaza sauti kutoka kisimani. "Mgongo wangu!"

Siku nzima Kuntala aliziuliza sentensi ngumu maswali yale. Kila moja aliiandika upya kwa maneno ambayo hata Nabaghana aliyaelewa. Kwenye mtihani hakukariri, alieleza. Akapata mia kwa mia, na mkuu wa chuo akaja amepanda tembo kumpongeza.

"Tembo gani, mjomba?" Kuntala alinikatiza nilipofika hapa nikiwasomea hadithi hii, yeye na Nabaghana. "Nilipata sitini na nane. Nimefaulu, naendelea na masomo, inatosha. Na wali wa hekaluni umeushika hivyohivyo?"

Kama faini ya uongo huo, nimewanunulia chhena poda nzima, ile keki tamu ya jibini, ikiwa bado ya moto. Nabaghana kala vipande vitatu, kisha kaniomba niape tena.