Bibi Generoza Anakula Barabarani

Wewe ulimwona. Usiseme hukumwona.

Ulikuwa umekaa ndani ya gari, kioo umekipandisha kwa sababu ya vumbi. Mwanamke mzee alisimama kando ya barabara ya Ngara, kikapu kichwani, mkono ameunyoosha. Ulimtazama mara moja. Kisha ukageuza uso, ukatazama migomba ya upande wa pili. Migomba ilikuwa na nini cha kutazama?

Mwanamke huyo ana jina. Anaitwa Generoza. Habari zake ni hizi, na safari hii usigeuze uso.

Generoza alikuwa na miaka hamsini na minane. Aliishi Nyamiaga, karibu na mji wa Ngara. Alfajiri alipalilia maharage. Jua likipanda alifunga mbuzi kivulini. Siku ya soko alipanda mlima kwenda Ngara kwa miguu, na jioni magoti yalimlipiza kisasi. Watoto wake walikuwa wamekwenda kukaa mbali. Mume wake, Gervasi, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita.

Gervasi aliacha baiskeli. Ilining'inizwa kwa kamba ukutani sebuleni, imefunikwa kitenge. Mara moja kwa mwaka, kabla ya Krismasi, Generoza aliipangusa vumbi. Hakuna aliyewaza kuipanda. Baiskeli ya marehemu ilikuwa kama picha yake. Tena pale Nyamiaga, nani alikuwa amewahi kumwona mwanamke mzee juu ya baiskeli?

Ukaja mwaka wa tisini na nne. Mwezi wa nne, watu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wengi kama siafu. Wenyeji wa Ngara hawakungoja kuambiwa. Walichemsha viazi, walichemsha maharage, wakapeleka barabarani. Generoza naye alikwenda, sufuria kichwani. Baadaye yakaja magari ya mashirika ya misaada, mengi kuliko miti iliyobaki baada ya kukatwa kuni. Yalipita kasi. Vumbi lao liliwaangukia walewale waliotoa viazi.

Mwaka huohuo, kaka yake Generoza, aliyeitwa Gaspari, alifariki kule Lusahunga, wilaya ya Biharamulo. Habari ilifika Jumatatu. Generoza alisimama barabarani siku mbili, mkono ameunyoosha. Mabasi yalijaa. Magari mengine hata hayakupunguza mwendo. Alipofika Lusahunga, udongo wa kaburi ulikuwa umekauka na kupasuka. Felisita, dada yake mkubwa, hakumlaumu. Alimshika mkono tu, akampeleka kaburini, akamwacha alie.

Siku ile Generoza aliapa moyoni. Hatachelewa tena.

Mwaka uliofuata, kiangazi kilipoanza, katekista alimletea barua. Felisita alikuwa ameagiza iandikwe. Ilikuwa fupi. Macho yangu yanafifia, ilisema. Mchana nauona kama jioni. Njoo nikuone uso kabla macho hayajazima.

Generoza aliikunja barua, akaiweka kifuani. Akaenda barabarani akanyoosha mkono. Siku ya kwanza, vumbi. Siku ya pili, vumbi. Siku ya tatu alirudi nyumbani, akaingia sebuleni, akavuta kitenge kilichofunika baiskeli. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua kisu, akakata kamba.

Aliikokota mpaka kwa Manirakiza. Huyu alikuwa fundi wa baiskeli, Mrundi. Alikuja mwaka wa sabini na mbili akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, yeye na mama yake, wakikimbia mauaji kwao. Gervasi na Generoza waliwapa pa kulala na chungu cha kupikia. Sasa Manirakiza alikuwa mtu mzima, ana mke, ana shamba, na mikono yake haikuisha kunuka grisi.

"Shikamoo mama," alisema. "Umeamua kuiuza?"

"Marahaba. Nimeamua kuipanda. Nifundishe, niende Lusahunga."

Manirakiza hakucheka. Aliweka chini spana, akafuta mikono, akauliza swali moja tu: magoti yanauma wakati gani? Generoza akasema yanauma akishuka mlima na mzigo. Fundi akamweleza kwamba juu ya baiskeli, uzito wa mwili unabebwa na kiti, si magoti. Lakini kiti kiwe sawa. Ukikaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini. Mguu unyooke. Kiti kikiwa chini mno, goti linakunjwa kupita kiasi, nalo litalalamika. Wakati wa kujifunza tu ndipo kinaposhushwa, ili miguu yote miwili iguse ardhi.

Alibadilisha matairi, akapaka mnyororo mafuta, akafunga mpira mpya wa breki mbele na nyuma. Generoza alipotaka kujua atamlipa nini, Manirakiza alijifanya hakusikia.

Walijifunzia kwenye uwanja wa shule, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani. Kwanza fundi alifungua pedali, akaziweka mfukoni. Generoza alikaa, akajisukuma kwa miguu kama bata. Siku nne alijisukuma hivyo, mpaka mwili ukajua kusimama wenyewe. Ndipo pedali zikarudishwa. Bomba la katikati lilikuwa juu, naye hakuweza kuruka kama kijana. Basi alifundishwa kuilaza baiskeli ubavu, kuvusha mguu, kisha kuiinua. Chini ya kitenge alivaa suruali ya Gervasi, ili kitambaa kikipanda asione haya. Kitenge chenyewe alikifunga juu ya kifundo, mbali na mnyororo.

Bartholomayo, mdogo wake Gervasi, alipita hapo akitoka kunywa pombe ya ndizi. Akasimama, mikono kiunoni.

"Shemeji," alisema, "jana baiskeli ya kaka, leo suruali ya kaka. Kesho utataka na ndevu zake?"

"Ndevu nimekuachia wewe, shemeji. Ndicho kitu pekee cha kiume ulicho nacho."

Alianguka mara tatu. Mara ya tatu alicheka kabla ya kuinuka. Baada ya wiki mbili alikwenda Ngara sokoni na kurudi. Baada ya mwezi alikwenda mbali zaidi, akarudi, akalala usingizi wa mtoto. Manirakiza alimzuia asiharakishe. Mwili wa mtu mzima unajifunza, alisema, ila unajifunza polepole. Ongeza mwendo kidogo kila wiki, na siku moja upumzike.

Lakini barua ilikuwa kifuani, na macho ya Felisita hayakupumzika kufifia.

Generoza aliondoka Jumanne alfajiri. Kwenye keria Manirakiza alimfungia dumu la maji na viazi vilivyochemshwa, vimefungwa kwenye jani la mgomba. Alikunywa uji, akasali, akaenda. Kwenye miteremko alibana breki zote mbili kidogo kidogo, kama alivyofundishwa. Kwenye milima alishuka akakokota, bila kuona haya. Magari yalimpita, naye hakuyanyooshea mkono. Alijisikia kama msichana.

Jua lilipofika utosini alikuwa kwenye mlima mmoja kabla ya Benaco, penye kambi ya wakimbizi. Mikono ilianza kutetemeka. Jasho likamtoka, jasho la baridi. Barabara ikawa nyeusi. Baiskeli ilienda upande wake, yeye akaenda upande wake.

Alipofumbua macho, kichwa chake kilikuwa juu ya mapaja ya mwanamke asiyemjua. Alikuwa mkimbizi kutoka Rwanda, Uwimana, aliyekuwa akitafuta kuni. Kuni zake zilikuwa zimetupwa barabarani. Alikuwa akimtia maji mdomoni, tone kwa tone, huku wenzake wakisimamisha lori kwa vitenge vyao. Lori likasimama, likambeba Generoza na baiskeli yake mpaka Nyamiaga. Kumbe nafasi ilikuwapo. Ilibidi kwanza mwanamke azimie.

Kijijini Bartholomayo alimpokea kwa maneno aliyokuwa ameyaweka tayari. Alisema baiskeli irudi ukutani, kwamba uzee hauna dawa. Generoza aliingia ndani akajilaza. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu. Moyoni alimwona Felisita amekaa mlangoni, anatazama barabara isiyoonekana tena.

Jioni Manirakiza alikuja kuitazama baiskeli. Spoki mbili zilikuwa zimekatika, basi. Akafungua mzigo wa keria. Dumu lilikuwa limejaa. Jani la mgomba lilikuwa limefungwa vilevile alivyolifunga yeye.

"Mama, njiani ulikula nini?"

"Nilikunywa uji asubuhi."

"Nimeuliza njiani."

Generoza alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Njiani? Mbele za watu? Mimi nimelelewa, Manirakiza. Mtu mzima hatafuni barabarani kama mbuzi."

Manirakiza alilijua hilo. Hata kwao Burundi ilikuwa hivyo hivyo. Mtu mzima anakula ndani, mlango umefungwa. Alikaa kwenye kigoda, akaliweka lile furushi la viazi magotini.

"Mwaka wa sabini na mbili," alisema, "tulitembea siku tatu na mama yangu. Tulifika barabara ile pale chini. Ulikuja na viazi kwenye kikapu. Mama yangu alikataa. Alikuwa anaanguka kwa njaa, lakini alikataa, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Unakumbuka ulimwambia nini?"

"Maneno ya zamani hayo, mwanangu."

"Mimi sijasahau. Ulimwambia, 'Kula, mama. Mwenye safari hana aibu ya kula.' Ukasimama mbele yake, ukatandaza kitenge chako, ukamkinga macho ya watu. Akala. Mama yangu aliishi miaka kumi na minane baada ya siku ile. Maneno yako yaliponya watu, mama. Kwa nini unajinyima wewe?"

Generoza alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kiazi kimoja, akakila palepale uani, mlango wa ua ukiwa wazi. Bartholomayo alipita, akaona, akaendelea na njia yake.

Ndipo fundi akamweleza vizuri. Uji wa alfajiri unaisha kabla ya saa nne. Mikono ikitetemeka, jasho la baridi likitoka, macho yakiona giza, mwili unaomba chakula, na hapo umeshachelewa. Usingoje njaa. Kila unapomaliza mlima, simama, kula kidogo: kiazi, ndizi mbivu, kipande cha muhogo. Usingoje kiu pia. Kunywa maji yaliyochemshwa, mafunda machache kila mara. Ukikosa mkojo tangu asubuhi, hujanywa ya kutosha. Kwa umri wako, pitia kwanza zahanati wakupime moyo na presha. Usiende siku nzima. Saa tisa tafuta pa kulala, na nyumbani wajue utalala wapi. Penye pori, uliza kwanza wenyeji, na usipite peke yako.

Generoza alikwenda zahanati. Akapumzika wiki moja. Akaondoka tena.

Safari hii, juu ya mlima wa kwanza alisimama. Wanaume watatu walikuwa wamekaa kando ya njia. Alifungua jani la mgomba mbele yao. Mmoja akanong'ona. Generoza akamega kiazi, akawakaribisha. Walicheka kwa aibu, halafu wakala naye.

Karibu na Benaco aliuliza, akampata Uwimana kwenye njia ya kuni. Alimpa kisado cha maharage ya shamba lake. Uwimana alikataa, akasema maji si kitu cha kulipwa. Generoza akasema hiyo si malipo, hiyo ni shukrani, na shukrani haikataliwi. Wakakumbatiana pale barabarani, mwenyeji na mkimbizi, wote wawili wamechoka.

Alilala Kasulo kwa familia aliyoijua kanisani. Asubuhi alingoja watu wa sokoni, wakapita pori pamoja. Usiku wa pili alilala Nyakahura. Siku ya tatu, saa sita mchana, aliiona Lusahunga.

Felisita alikuwa amekaa mlangoni. Aliona kitu kinakuja barabarani, kirefu, kinang'aa. Akadhani ni mwanamume. Kisha kengele ikalia, nacho kikasimama mbele yake, kikaanza kulia machozi.

"Nani?" aliuliza.

"Ni mimi, dada. Nimekuja kabla."

Felisita alimshika mashavu kwa mikono miwili. Alimvuta karibu, karibu mpaka pua zikagusana. Alimtazama kwa muda mrefu, jicho la kushoto, halafu la kulia.

"Umezeeka," alisema. "Asante, Mungu wangu. Nimekuona umezeeka."

Generoza alikaa wiki mbili. Alimpeleka dada yake zahanati ya pale, amekaa kwenye keria, Generoza akikokota. Mganga alitazama macho, akasema ni mtoto wa jicho, si upofu wa moja kwa moja. Upo upasuaji. Akawaandikia barua ya kwenda hospitali. Kumbe muda wote ule Felisita alingoja giza, kwa sababu hakuna aliyefika kumpeleka. Felisita alipasuliwa, na baada ya miezi miwili aliona mchana kama mchana.

Tangu hapo Generoza huenda Lusahunga kila msimu. Magoti yana nguvu kuliko zamani. Nyamiaga wanawake wawili wamejifunza kwenye uwanja uleule, na Bartholomayo amekuja kuuliza, kwa sauti ya chini, kama mwanamume mwenye mgongo mbovu naye anaweza.

Sasa wewe. Ndani ya nyumba yenu kuna baiskeli ukutani, au kuna mama aliyekatazwa kuipanda. Una ndugu unayesema utamtembelea gari likipatikana. Funga kitabu hiki. Chukua kisu, ukate ile kamba. Chemsha viazi, funga kwenye jani. Na ukimwona mwanamke mzee anakula kando ya barabara, usigeuze uso: simama, umsalimie, umwombe kiazi. Fanya leo. Macho ya mtu yanafifia huko anakokungoja.