Mpimaji wa Korogwe

Soko la Manundu lilikuwa limefurika siku ile. Mwaija, fundi cherehani wa Handeni, alikuwa amekuja Korogwe kutafuta zipu na vitambaa vya bitana, kajitanda mtandio mweupe juu ya dera la zambarau. Kwenye meza ya vitu vya kuchezea vya plastiki alimkuta mwanamume mrefu, shati lake la bluu limenyooka kwa pasi.

"Huyu bata analia?" mwanamume alimwuliza muuzaji.

"Analia, kaka."

Akambinya bata. Kimya. Akambinya wa pili akiwa amemweka sikioni, makini kama daktari anayesikiliza kifua. Mwaija akashindwa kujizuia, akacheka.

"Mwanao ana bahati," alisema. "Kina baba wengine hununua bila kujaribu."

"Sina mtoto, dada. Hawa ni wa kazini."

"Kazi gani hiyo ya kubinya bata?"

"Napima watu."

"Kumbe fundi mwenzangu."

"Karibu na hapo. Naitwa Sufiani. Ukinipa namba yako nitakueleza vizuri."

Hakueleza, maana simu zilipoanza kulikuwa na mengine matamu zaidi ya kusema. Alipiga kila jioni Mwaija akifunika cherehani yake. Alimwita "fundi wangu", naye akaitwa "bwana bata". Akisema mvua inanyesha Korogwe, Mwaija humjibu kwamba Handeni hata wingu hakuna, basi amtumie kidogo kwa basi la asubuhi. Wakawa wanakutana Segera, wanakula mishikaki na kucheka mpaka wenye meza za jirani wanageuka.

Jambo moja Mwaija hakuwa amelisema. Alikuwa na binti wa miaka mitano, Chausiku, mwenye mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunja ngumi tangu uchanga. Baba yake aliposikia kwamba hali ile haiponi, aliaga anakwenda Kabuku kutafuta kibarua, asirudi tena. Tangu hapo Mwaija aliujua ukimya wa mwanamume anayejiandaa kuondoka.

Jumapili moja akapiga moyo konde, akampigia simu.

"Sufiani, nina mtoto. Ana mtindio wa ubongo, na yuko kwenye utafiti wa mazoezi mapya. Mkono wake ulio mzima tunauvika mfuko laini, ili ule mdhaifu ulazimike kufanya kazi. Mfuko wenyewe nimeushona mimi, nika..."

"Mwaija, ngoja. Usiendelee."

"Kwa nini?"

"Naomba usiniambie zaidi. Nitakutafuta." Simu ikakatika.

Hakumtafuta. Meseji za Mwaija zilisomwa bila kujibiwa. Akashona sare za shule kwa hasira mpaka sindano zikavunjika.

"Huyu naye ana Kabuku yake," alimwambia mama yake.

Ikafika siku ya Chausiku kupimwa mara ya mwisho, kwenye kituo cha mazoezi cha Korogwe. Yusta, mtaalamu wa mazoezi aliyekuwa akiwafuata Handeni, aliwapokea mlangoni.

"Mama Chausiku, tafadhali usimwambie mpimaji kama mtoto alivaa mfuko au alifanya mazoezi ya kawaida kama wale wengine," alisema.

Kwenye korido Mwaija akamwona Sufiani. Sufiani naye akamwona, akageuka, akaingia chumba cha pili na kufunga mlango.

Mwaija aliuma mdomo. Mpimaji, mama mmoja mpole, alimpa Chausiku vikombe avipange, na mpira audake. Walipomaliza wakatoka, na walikuwa wamefika getini waliposikia viatu vikikimbia nyuma yao.

"Mwaija."

"Umepotea njia, kaka?"

"Nisikilize kwanza. Mimi nawapima hawa watoto, na sitakiwi kujua nani amepewa mazoezi mapya na nani ya zamani. Uliponitajia mfuko, nikawa nimeshajua. Jicho langu lingempendelea. Nilimweleza daktari anayeongoza utafiti, akanitoa kwa Chausiku, akanikataza kuwasiliana na wewe mpaka apimwe. Sasa amepimwa."

Mwaija alimtazama. Kola ya shati ilikuwa imelowa jasho.

"Hukuweza kuandika hata neno moja? Nivumilie, basi?"

"Niliweza." Sufiani aliinamisha kichwa. "Niliogopa kuharibu kazi, nikakuumiza wewe. Nisamehe."

"Nilidhani umemkimbia mtoto."

"Nashinda na watoto kama yeye kutwa, Mwaija. Ninayemwogopa ni wewe."

Mwaija akacheka bila kutaka. "Na huo mfuko unasaidia?"

"Sijui. Hatutajua mpaka wote wapimwe, na huenda jibu likawa hapana."

Jibu hilo lilimwingia Mwaija kuliko maneno yote matamu ya simuni. Mtu anayetaka kusamehewa angeweza kusema ndiyo.

Chausiku alikuwa akimkagua mgeni. "Wewe ndiye wa kwenye simu?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Mama alilia."

"Najua. Nimekosa."

Mtoto akafikiri kidogo. "Basi nibebe. Nimechoka."

Sufiani akambeba, wakaelekea stendi taratibu.

"Nikiwatuma wazee wangu Handeni," alisema, "watapokelewa?"

"Wazee watapokelewa. Wao hawana kosa."

"Na mimi?"

"Wewe utasubiri nje mpaka uitwe."

"Nitasubiri."

Mwaija akasimama, akamnyooshea kola mbele za watu bila haya. "Laazizi, safari hii ukisubiri, uwe unapiga simu."

"Na mimi nitakaa nje?" Chausiku aliuliza kutoka begani.

"Wewe," alisema mama yake, "ndiye utakayemfungulia mlango."