Viti Viwili Mtaa wa Wendell

Naapa kwa goti langu la kushoto, lile la chuma, kwamba habari hii ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Nikikutwa nimeongeza hata chembe, nitawanunulia wote walioketi kaunta ya ukumbi wa Kuzniar mkate wa samaki, na ninyi mnajua watu wale wanavyokula.

Ilikuwa Aprili ya korona, hapa kwetu Pittsburgh, mtaa wa Wendell, ule unaopanda kilima kama ngazi. Jumanne, saa nne asubuhi, Bernadette Kuzniar alipiga simu benki kuulizia ule mkopo wa serikali waliopewa waajiri wadogo, makanisa na vyama vya hisani ili wasiwaachishe watu kazi. Ukiutumia kulipa mishahara, unasamehewa. Bernadette ana ukumbi wa boling, ule mchezo wa kuangusha pini kwa mpira; ukumbi huo aliurithi kwa baba yake. Ulikuwa umefungwa tangu Machi, na wafanyakazi wake sita walikuwa nyumbani wakimsubiri yeye.

"Mama, mbona umeshaupata?" kijana wa benki alimwambia. "Uliingia mapema mwezi huu, kwenye akaunti mpya ya ukumbi."

"Akaunti mpya ipi?"

Kijana alibofya kompyuta yake. "Basi mama, ama kuna mtu amejifanya wewe, ama wewe unaomba mara mbili. Hilo la pili lina jela. Wachunguzi wa udanganyifu watakupigia Ijumaa. Kabla ya hapo hupati hata senti."

Bernadette alitoka na slipa zake, akavuka barabara, akasimama chini ya dirisha la Marlene Hrabovsky.

Marlene ni mpelelezi wa polisi, kitengo cha wizi na kughushi. Wiki hiyo yeye mwenyewe alikuwa mfungwa. Mwenzake wa gari moja aliugua, naye akaamriwa karantini katika chumba chake cha juu. Chakula kilimfikia kwa ndoo na kamba. Alikuwa ameshafahamu kila ufa wa dari, kwa hiyo kazi yake ilibaki moja tu, kuuchungulia mtaa.

"Marlene! Nimeibiwa jina langu!"

"Punguza sauti, mtaa mzima unakusikia."

"Wasikie! Wote wamefungiwa, wana lipi lingine la kufanya?"

Kweli mapazia yalikuwa yakicheza nyumba baada ya nyumba. Marlene alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Nani ana habari zako zote? Namba za kodi, mishahara, sahihi yako?"

"Regis, fundi wa mashine zangu za kupanga pini. Ana ufunguo wa ofisi. Na Leonard Bosak, mhasibu wangu. Lakini Leonard hana kitu, maskini, wateja wake wote wamefunga. Kila Jumapili namwachia pirogi zangu za viazi za kuchemsha mlangoni."

"Niitie Regis kwanza."

Regis alikuja akasimama barabarani, barakoa imeshuka chini ya pua. Ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza hali ya hewa, atatazama juu na kukuachia wewe ujibu.

"Bwana Regis, kila asubuhi nakuona unaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma na mfuko. Unafanya nini?"

"Kazi."

"Nani anakulipa?"

"Hakuna."

Bernadette alishindwa kujizuia. "Na bili ya umeme! Nilikuta imelipwa, nikadhani wamekosea. Umeilipa wewe?"

Regis alitazama viatu vyake. "Ndiyo."

"Kwa pesa gani, Regis? Wewe uliyekuwa unakopa sigara?"

Kutoka dirisha la jirani mtu alipiga kelele, "Jibu, bwana! Tunapoteza muda wetu!"

"Nipe ufunguo," Bernadette alisema, sauti ikimkatika. Regis aliuweka juu ya ukuta mdogo, akarudi nyuma hatua kadhaa ili Bernadette auchukue bila kukaribiana, akaenda zake. Mtaa ukamhukumu palepale, madirishani.

Marlene hakuhukumu. Alikuwa akitazama pale Regis anapoegesha pikipiki yake, mbele ya nyumba ya mama yake. Pikipiki haikuwapo. Palikuwa patupu, bila kitu chochote.

Sasa hapa lazima nieleze jambo. Wendell haina nafasi za kuegesha. Kwetu, ukiweka kiti cha jikoni barabarani mbele ya nyumba yako, pale pana mwenyewe. Hakuna anayekigusa. Padri anakizunguka, gari la taka linakizunguka, polisi wenyewe wanakizunguka. Watu wamenyimana salamu za Krismasi kwa sababu ya kiti kilichosogezwa.

Na mbele ya nyumba ya Leonard palikuwa na viti viwili.

Jumatano alasiri Marlene alimwita. Leonard alikuja na sweta yake safi, akiwa mpole kama kawaida.

"Habari ya kifungo, Afande?"

"Ndoo inapanda, ndoo inashuka. Wewe je?"

"Niko na mama tu, chumba kwa chumba. Yeye na televisheni yake, mimi na ukuta. Wakati mwingine natamani hata itokee ajali."

"Pole. Mambo ya Bernadette umeyasikia?"

"Nani hajasikia? Roho inaniuma. Lakini Regis ana ufunguo, Afande. Mimi sisemi kitu."

"Gari lako liko wapi siku hizi?"

"Uchochoroni nyuma. Kale kadogo kekundu, unakajua."

"Na viti ni vya nani?"

"Vya dada yangu. Anakuja kutoka Erie."

"Kwa gari gani?"

"Dogo tu, la kawaida."

"Msalimie mama," Marlene alisema, akafunga dirisha.

Usiku huo alimpigia simu Bernadette. "Viti vya Leonard vimeachana zaidi ya urefu wa magari mawili yaliyofuatana. Gari dogo la dada linataka uwanja wote huo? Na siku hizi nani anamtembelea nani?"

"Labda kavipanga vibaya tu."

"Mtu wa Wendell? Kiti?"

Bernadette alikwenda dirishani kuvitazama upya.

"Na Regis," Marlene aliendelea, "pale pake hajaweka kiti. Aliyepeleka pikipiki kwa fundi anaweka kiti. Aliyeiuza haweki, maana hairudi. Umeme wako aliulipa kwa pikipiki yake, Bernadette."

Bernadette alikata simu, akatafuta viatu vyake.

Alhamisi, saa tano asubuhi, Leonard alitoka, akatazama simu, akatazama bondeni, akasogeza kiti kimoja kidogo zaidi, akarudi ndani. Marlene alikuwa ameshawaita askari wawili, wamejificha nyuma ya kanisa. Sasa alihitaji mtu wa kuvigusa vile viti, ili Leonard atoke na kusema mwenyewe anachongoja.

Hapo ndipo alipojitokeza mstaafu mmoja shupavu wa mlango wa tatu, ambaye kwa unyenyekevu sitamtaja, maana ni mimi. Nilitembea katikati ya barabara, kifua mbele, nikabeba kiti cha kwanza, nikabeba cha pili, nikaviweka kando ya njia. Mtaa mzima ulivuta pumzi kama waumini mtu anapotukana kanisani.

Leonard aliruka nje bila viatu. "Rudisha! Rudisha hivyo viti! Linafika sasa hivi, haliwezi kugeuka kwenye kilima hiki!"

"Gari dogo la dada?" Marlene aliuliza kutoka juu.

Leonard alifungua mdomo. Kabla hajapata neno, likaja. Gari-nyumba jipya, jeupe, lenye vitanda na jiko na choo ndani, refu kama treni ya makaa, likipanda Wendell kwa kuguna. Dereva aliyelileta alishusha kioo.

"Ukumbi wa Boling wa Kuzniar? Nani anatia sahihi? Limelipiwa na akaunti ya ukumbi, nimeambiwa mwenyewe atanipokea hapa kwenye viti."

Bernadette alishuka ngazi zake polepole. "Mwenyewe ni mimi," alisema.

Askari walikuwa wameshatokea. Leonard alikaa chini kwenye kimojawapo cha viti vyake.

"Serikali ilisema itausamehe ule mkopo," alisema. "Ningetengeneza mishahara kwenye karatasi, ukasamehewa, ukaisha. Hukuwa umeomba bado. Nilidhani hutaomba, wewe huipendi serikali. Nani angeumia?"

"Mimi, Leonard. Ningefungwa mimi."

"Hujui ilivyo kukaa mle ndani na ule ukuta. Nilitaka kitu chenye magurudumu. Niondoke tu."

"Mimi pia nilitaka kuondoka," Bernadette alisema. "Nikakuletea pirogi."

Gari lilirudishwa lilikotoka, benki ikanyoosha mambo, na wale sita wakalipwa. Ukumbi ulipofunguliwa tena, mashine zote ziliamka papo hapo bila kukwama, kwa sababu kila asubuhi ya kufungiwa kuna mtu alikuwa akiziendesha na kuzipaka mafuta aliyobeba katika ule mfuko wake.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuisimulia habari hii Ijumaa iliyopita, kaunta ya Kuzniar, watu wamekodoa macho, sauti ya Marlene iliposikika nyuma yangu.

"Stanley. Aprili ile ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, Afande. Mlango wa tatu."

"Ulikuwa Cleveland kwa binti yako mpaka Juni. Ulikuwa unanipigia simu kila siku kuuliza nini kimetokea."

Kaunta nzima ilianza kugonga glasi, ikidai mikate yake ya samaki. "Sasa viti alibeba nani?" mmoja aliuliza.

Bernadette alielekeza kwa kidevu mwisho wa kaunta, ambako Regis alikuwa akifuta viatu vya kukodi kimya kimya. "Nilikwenda kumwomba radhi usiku ule ule Marlene aliponieleza habari ya pikipiki. Asubuhi mtaa bado unamwita mwizi, akatoka akavibeba mbele yao wote."

Regis aliweka kiatu chini. Nilisubiri aseme neno.

"Wangu na kachumbari ya kabichi," alisema.

Nikatoa pochi.