Picha Iliyokatwa na Msafi

"Usiguse huo mlango!"

Mkono wa Sisimizi uliganda karibu kabisa na kitasa.

Alikuwa amefika kwenye ghala hilo la bandarini kwa mwendo wa kichaa. Yamaha yake nyeusi ilikuwa bado inatoa joto nyuma ya mapipa. Bastola ya Glock ilikuwa mkono wa kulia. Na nyuma ya mlango ule, kwa mujibu wa kila mtu ofisini, alikuwamo kaka yake wa tumbo moja.

"Wifi, kama huu ni mzaha..." alinong'ona kwenye kipaza sauti kilichobanwa kolani.

"Nifanye mzaha na mume wangu? Rudi nyuma. Hayumo humo."

Sisimizi akarudi nyuma hatua moja. Halafu nyingine.

Alipewa jina hilo mafunzoni, kwa kuwa kimo chake kilimfikia mwalimu kifuani. Mwalimu mwenyewe aliacha kucheka siku alipotupwa chini na kukaliwa mgongoni. Tangu hapo jina likabaki, kicheko kikaisha.

Sauti ya sikioni ilikuwa ya mke wa kaka yake. Majirani walimjua kama mwalimu wa kompyuta, mama asiyependa maneno mengi. Idara ya ujasusi ilimjua kama mtu anayeweza kuliuliza faili lolote likajibu. Leo alikuwa ameketi mbele ya skrini mbili, chai imepoa pembeni, na macho yamemwiva kwa kilio alichokataa kukilia mbele ya watu.

Mumewe alikuwa fundi wa mashine ya eksirei ya kukagua mizigo. Jana yake aliona mitutu ya bunduki chini ya maboksi ya sabuni ya unga. Akalizuia kontena. Asubuhi ya leo hakufika kazini. Kabla ya saa sita mkewe akapokea barua pepe yenye picha ya uso wake, na maneno machache: *Kontena liachiwe kabla ya saa kumi jioni, ama utamfulia sanda.*

Ndani ya picha hiyo kulikuwa na namba za GPS. Namba hizo ndizo zilizomleta Sisimizi hapa.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenipa namba," alisema.

"Najua. Mkuu alikuwa amenisimamia kichwani. Alitaka latitudo na longitudo, nikaandika programu ikamletea latitudo na longitudo. Sikuuliza kingine. Lakini roho ikakataa. Wifi, nani siku hizi anatuma picha kwa barua pepe?"

Sisimizi alifikiri. "Watu wanatuma kwa WhatsApp."

"Na WhatsApp inafuta taarifa zote za ndani. Mahali, saa, aina ya kamera, vyote. Barua pepe inafikisha faili kama lilivyo. Huyu mtu alitaka tuzisome hizo namba."

Mbele ya macho ya wifi yake kulikuwa na mistari mitatu ya Python, lugha ya kuandikia programu, mifupi tu:

picha = Image.open("mume.jpg")
gps = picha.getexif().get_ifd(0x8825)
print(gps)

"Safari hii sijachagua," akaendelea. "Nimeiambia ichapishe kila kilichomo. Kila taarifa ina namba yake: ya pili ni latitudo. Ya nne ni longitudo. Hizo zimebandikwa. Ila kuna ya sita, mwinuko kutoka usawa wa bahari, na hiyo hakuikumbuka. Inasema karibu mita elfu mbili."

Sisimizi akatega sikio. Upande wa pili wa ukuta mawimbi yalikuwa yanapiga mawe.

Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Alitoa mfukoni waya mwembamba wenye kamera nchani, akauchomeka kwenye simu yake ya Samsung, akaupenyeza chini ya mlango. Skrini ikaonyesha sakafu tupu. Kisha kiti kitupu. Kisha uzi wa chuma uliotoka kwenye kitasa hadi kwenye boksi lenye taa nyekundu.

Aliogopa. Tuseme ukweli, hata majasusi huogopa. Angeshika kile kitasa, mama yao angezika watoto wawili wiki moja.

Redio ikakoroma. "Mkuu kwa Sisimizi. Umeingia?"

"Sijaingia. Mlango una bomu."



"La namna gani?"

"Uzi kwenye kitasa. Sakafu imepigwa deki. Kiti kimefutwa vumbi mpaka miguuni."

"Msafi," Mkuu alisema, na sauti yake ikashuka. "Ondoka hapo. Natuma wategua mabomu."

Kila mtu Idarani alimjua Msafi, na hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Mwanamume wa glavu. Alifuta kiti kabla ya kukikalia na baada ya kukiinukia. Alikuwa ameingiza silaha kwa njia tatu tofauti bila kuacha hata unywele. Watu aliowateka hawakuwahi kurudi kusimulia.

Sisimizi aliliacha jina hilo limpite. Kama angelifikiria sana asingeweza kutembea.

"Wifi. Kuna nini kingine humo?"

"Subiri. Picha hii ameikata. Tunaona uso tu, hata mabega hayapo. Lakini simu nyingi zikipiga picha zinahifadhi na kijipicha ndani ya faili lilelile, cha kuonyesha haraka ukipekua. Ukitumia programu fulani za kukatia, picha kubwa inakatika, kijipicha kinabaki kama kilivyozaliwa."

"Kipo?"

Vidole vilisikika vikikimbia kwenye kibodi. Kisha vikanyamaza.

"Wifi?"

"Namwona." Alikuwa ameisogelea skrini. "Namwona mpaka magotini. Ni kadogo, kama stempu. Amefungwa kwenye kiti. Na waya mweupe unaning'inia mfukoni mwake."

"Waya gani?"

"Chaja yangu. Ameondoka nayo leo asubuhi. Nimemfokea mpaka getini. Neno la mwisho nililomwambia mume wangu ni 'rudisha chaja yangu, mwizi mkubwa wewe'." Akavuta pumzi. "Basi picha ni ya leo. Yuko hai, au alikuwa hai."

"Yuko hai," alisema Sisimizi. "Nyuma yake kuna nini?"

"Miduara. Mitatu, ya kioo, mikubwa kuliko mtu. Na rundo la vitu vyeupe."

Sisimizi alifumba macho. Miduara ya kioo. Vitu vyeupe. Mita elfu mbili juu ya bahari. Kontena la sabuni ya unga.

"Mashine za kufulia," alisema. "Kile kiwanda cha mlimani kinachofua mashuka ya mahospitali na mahoteli. Hakuna kingine huko juu."

"Msafi ana kiwanda cha kufulia nguo?"

"Ungetegemea awe na gereji?"

Wifi yake alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesahau kwamba analia.

Tatizo lilikuwa barabara. Ilikuwa moja tu, na kiwandani kungekuwa na watu wenye bunduki wakiitazama. Msafara wa magari ya Idara ungeonekana ukiwa bado chini bondeni, na fundi angekufa kabla ya gari la kwanza kuegeshwa.

"Inabidi watu wake washuke," alisema Sisimizi. "Wakishuka, mimi napanda kwa nyuma."

"Washuke kufuata nini?"

"Kontena lao."

"Basi nipigie picha ya hilo kontena," alisema Wifi.

Kontena la sabuni lilikuwa uwanja wa pili, limeshapakiwa kwenye lori la Scania na kuwekewa askari. Mkuu alitoa ruhusa lisogezwe hadi kwenye ukuta wenye majani marefu, palipoonekana lami na kichaka tu. Sisimizi akapiga picha. Namba za kontena zilisomeka vizuri. Bahari haikuonekana hata kidogo.

Akaituma, akawasha Yamaha.

Alikuwa ameshaanza kupanda kona za mlima sauti iliporudi sikioni.

"Nimemjibu kwa barua pepe, kama yeye. Nimeandika: dereva ameogopa, amelitelekeza kwenye njia panda chini ya mlima, njooni mlichukue, nirudishieni mume wangu. Na ndani ya picha nimeweka namba za GPS za hiyo njia panda."

"Ataangalia?"

"Ataangalia. Njia anayoitumia mtu kudanganya ndiyo njia anayoiamini."

"Mwinuko?"

"Nimeweka."

"Kijipicha?"

"Wifi, mimi si Msafi. Nimebadilisha kijipicha, saa na kila kitu. Hata mimi nisingejishuku."

Sisimizi alizima pikipiki na kuisukuma kichakani. Alilala kifudifudi juu ya ukingo wa barabara.

Dakika zilipita. Hakuna gari.

Alianza kuona picha mbaya kichwani. Labda Msafi ameigundua. Labda hivi sasa anafuta damu sakafuni kwa kitambaa chake. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kitako cha Glock.

Kisha muungurumo.

Land Cruiser mbili zilipita chini yake kwa kasi, zimejaa wanaume, zikielekea bondeni.

"Mkuu, wageni wako wanakuja," alisema redioni.

"Tumewatandikia," Mkuu alijibu.

Kiwanda kilikuwa kimya. Wafanyakazi walikuwa wamerudishwa nyumbani, mashine zimezimwa, mwanga wa mchana unaingia kupitia madirisha ya juu. Mlinzi mmoja alikuwa amebaki uani, anachezea simu. Sisimizi alimfikia kwa nyuma, akambana shingo mpaka akalegea, akamlaza polepole juu ya magunia, simu akamwekea kifuani.

Aligeukia ukuta wa nyuma, kwenye boksi kubwa la umeme. Alilifungua, akatazama, akafanya alichokusudia, akalifunga.

Ndipo akaingia.

"Simama hapohapo."

Mwanamume alikuwa amesimama katikati ya mashine tatu. Shati jeupe, glavu nyeupe, viatu vinavyong'aa. Mgongo wake ulikuwa umeegemea mlango wa kioo wa mashine ya katikati. Nyuma ya kioo, amejikunja juu ya mashuka, alikuwamo kaka yake. Mdomo umefungwa kwa utepe wa gundi, mikono kwa kamba. Macho wazi.

Yako hai, yale macho.

Sisimizi alilenga, kisha akaona asichokipenda. Risasi ikimpita Msafi inaingia kwenye kioo.

"Nilijua picha ile ilikuwa nzuri mno," alisema Msafi. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayekukaribisha kiti. "Nimeligundua hilo baada ya kuwatuma vijana. Hakuna mke anayelia ambaye anapiga picha iliyonyooka hivyo. Weka silaha chini, mama."

"Toka hapo kwanza."

"Kidole changu kiko kwenye kitufe. Nikibonyeza, mlango unajifunga kabisa, maji ya moto yanaingia na pipa linazunguka. Umewahi kuona shuka la hospitali likitoka humo? Halibaki na doa."

Sisimizi aliinama taratibu. Akaiweka Glock sakafuni. Akaisukuma kwa mguu.

"Vizuri," alisema Msafi. "Sasa nadhani umechelewa hata hivyo."

Akabonyeza.

Hakuna kilichotokea.

Akabonyeza tena, kwa nguvu, kama watu wanavyobonyeza rimoti iliyoishiwa betri. Ndani ya kioo fundi alifumba macho, akafumbua, akajikuta bado yupo.

"Umeme umekatika, bosi," alisema Sisimizi. Alitoa mfukoni fyuzi tatu nene na kuzionyesha kiganjani. "Unajua tena. Wanakata bila taarifa."

Msafi aliruka kuifuata bastola. Sisimizi hakumfuata yeye. Alikipiga teke kitoroli kizito cha mashuka machafu, kikaserereka na kumgonga magotini. Akaangukia ndani, kichwa kwanza, katikati ya mashuka ya hospitali ambayo yalikuwa bado hayajafuliwa. Alipoibuka, pingu ilikuwa imeshaubana mkono wake mmoja kwenye chuma cha kitoroli, na shati lake jeupe lilikuwa na rangi ambazo hatutazitaja.

Alipiga kelele. Si kwa maumivu. Alikuwa anaitazama glavu yake.

Sisimizi alifungua mlango wa kioo. Alimvuta kaka yake nje, akambandua utepe mdomoni, akamfungua kamba mikononi, na kwa muda mfupi ule jasusi hatari kuliko wote Idarani alikuwa dada mdogo tu, ameushika uso wa kaka yake kwa mikono miwili.

"Umechelewa," alisema kaka yake, sauti imekauka.

"Nilipotezwa njia na mkeo."

Sikioni kulikuwa na kwikwi. Wifi alikuwa amesikia yote. "Nipigie picha," alisema. "Nataka nimwone. Tuma kwa barua pepe, usikate popote."

Fundi aliiona simu ikimlenga. Aliingiza mkono mfukoni, akavuta waya mweupe, akauinua juu karibu na shavu lake lililovimba.

Picha ikaenda.

Sisimizi alijua kinachoendelea kule ng'ambo: mistari mitatu ya Python, orodha nzima ya taarifa, namba kwa namba. Hakumharakisha.

"Mwinuko ni sahihi," alisema wifi yake mwishowe, sauti ikimvunjika. "Saa ni ya sasa hivi. Kijipicha kinafanana. Ni yeye, wifi. Ni yeye kabisa."

"Sasa macho yako hayakutosha?"

"Leo siyaamini macho. Mpe simu."

Sisimizi akampa kaka yake simu na kusogea kando. Alimsikia akisema, "Nimesharudisha, mama, usinifokee tena," kisha hakusikia maneno, kwa maana wote wawili walikuwa wanalia.

Redio ikakoroma. "Mkuu kwa Sisimizi. Huku tumewazoa wote. Ripoti."

"Kontena lipo. Fundi wako yupo. Msafi kachafuka."

Aliokota Glock, akazirudisha fyuzi juu ya boksi la umeme nje, na kutembea kuelekea kichakani alikoiacha Yamaha. Gari la Idara la kuwachukua wengine lilikuwa limeshaingia uani. Yeye alivaa kofia ngumu, akafunga kamba ya kidevuni, akaondoka bila kugeuka nyuma.